Latiba ya Saa Sita

"Shemeji, harusi ni leo, si Jumamosi. Saa sita mchana. Njoo na viatu vya kuchezea."

Ujumbe uliingia saa tano na dakika kumi asubuhi. Mwanamke aliyeandikiwa aliusoma mara moja, akaufuta, akainuka kutoka kwenye benchi lililokuwa nje ya wodi ya wagonjwa mahututi. Alikuwa amekaa pale nusu saa, na katika hiyo nusu saa alikuwa ameinuka mara kumi na moja. Muuguzi wa zamu alishamtazama kwa jicho la kumwambia atafute kazi ya kufanya.

Sasa kazi ilikuwa imempata.

Idara aliyoitumikia ilikuwa na vituko vyake. Majina yote ya siri yalikuwa ya kindugu, ili mtu akidaka maongezi yao hewani adhani ni ukoo unagombana, na kazi ya dharura waliiita harusi. Mkuu wao alikuwa Mjomba. Yeye alikuwa Shemeji, jina alilolipata baada ya kukaa siku tatu kwenye harusi ya watu asiowajua, akipika, akipamba, akikabidhiwa mpaka funguo za chumba cha zawadi, hadi alipomtia pingu baba wa bwana harusi kabla keki haijakatwa.

Na nyuma ya kioo cha wodi ile, kitanda cha tatu, alilala Binamu.

Hawakuwa na damu moja. Walikuwa na miaka saba ya kazi pamoja, ambayo ni zaidi. Wiki mbili zilizopita, ndani ya ghala la wasafirisha silaha, walikuta milango miwili. Shemeji alisema, "Mimi kulia." Binamu akachukua wa kushoto, na wa kushoto ndio uliokuwa na mtu nyuma yake.

Risasi mbili.

Tangu siku ile Shemeji alikuwa kiguu na njia. Hakuweza kumaliza sahani ya chakula, hakuweza kumaliza usingizi, na kila akifumba macho aliusikia mdomo wake mwenyewe ukisema "mimi kulia". Lakini Binamu alikuwa hai, na alikuwa ameiona sura ya kiongozi wa genge, sura ambayo idara nzima haikuwahi kuipata hata kwenye picha. Mwisho wa wiki madaktari wangemwamsha, naye angeieleza.

Alishuka ngazi mbili mbili. Kwenye maegesho alijitupa ndani ya Toyota nyeupe, gari lisilo na lolote la kukumbukwa, akapachika sikioni kidude kidogo kama punje ya mahindi.

"Mjomba, nimeshawasha gari. Harusi ya nani?"

"Ya Binamu," sauti ya Mjomba ilikuwa kavu. "Na ya wengine mia tatu na arobaini."

Shemeji alikanyaga mafuta.

Mjomba alieleza bila kupamba. Zile pampu ndogo zinazosukuma dawa kwenye mshipa wa mgonjwa, tone kwa tone, kila moja ilikuwa na kompyuta ndani yake. Hospitali kumi na moja zilizitumia. Mfumo wa kuziendesha ulitengenezwa katika karakana moja tu, hapo mjini. Cheti cha mfumo wa zamani kilikuwa kinakufa leo saa sita. Baada ya hapo, pampu ikizimwa haiwaki mpaka ivae mfumo mpya.

Na mfumo mpya ulikuwa umetiwa sumu.

"Tumenasa sentensi moja tu ya wale jamaa," alisema Mjomba. "'Mgeni ameshaingia orodhani kwa jina la mwenyeji.' Kuanzia saa sita pampu zinaupokea. Muuguzi akibadilisha chupa ya dawa, pampu inajizima na kujiwasha. Ikiwaka, inasukuma chupa nzima kwa mkupuo."

"Watu mia tatu wafe ili mmoja asiongee."

"Ili isijulikane kwamba aliyelengwa ni mmoja."

"Basi ifungeni hiyo karakana."

"Halafu? Cheti kitakufa, pampu zitagoma kuwaka, wagonjwa watakufa vilevile. Tunataka mfumo mpya, na uwe safi. Chupa ya Binamu inaisha saa sita na nusu, na pampu za akiba wodini zote ni za karakana hiyohiyo."

Shemeji alitukana kwa upole na kuipita taa ya njano.

"Nani anajua kwamba naenda?"

"Mkuu wa karakana peke yake. Wanamwita Mama Orodha. Wewe ni fundi wa viyoyozi."

*

Karakana ilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo la ofisi, na kulikuwa na baridi ya kutosha kuhifadhi nyama. Vijana kwa watu wazima walizikodolea macho skrini zao bila kusemezana. Mama Orodha alimpokea mlangoni. Alikuwa mama wa miaka sitini hivi, ndala miguuni, sweta mbili mwilini, miwani imening'inia kwa kamba shingoni.

"Fundi, umechelewa. Kiyoyozi kiko ofisini kwangu," alisema kwa sauti ya kusikika na wote.

Mlango ulipofungwa, sauti ikashuka.

"Mwanangu, nimeshaangalia kila kitu. Sioni mdudu."

"Nieleze kwanza huyo mdudu anaishi wapi. Nieleze kama unamweleza mtoto."

"Umeshawahi kufunga sanduku la safari kwa orodha? Mimi ninayo orodha ya majina ya vifurushi. Kila kifurushi ni kaprogramu kenye kazi yake. Saa ikifika, seva inaisoma orodha, inashuka ghalani, inachukua kila kifurushi kwa jina lake, inavipanga sandukuni, inafunga. Mimi napiga muhuri. Sanduku hilo ndilo tunaloliita imeji, na ndilo linalokwenda kwenye pampu." Alivaa miwani yake. "Ila seva haina akili ya kuuliza. Ukiandika sabuni, inaleta sabuni. Ukikosea ukaandika saruji, inaleta saruji, na wewe utaoga nayo."

"Vifurushi vingapi?"

"Elfu moja mia nne na kumi na mbili."

Shemeji, aliyekuwa ameketi kwa sekunde tisa, akainuka.

"Na huko ghalani nani anaweza kuweka kitu?"

"Watu sita wa hapa, wote nimewafundisha mwenyewe. Na Mkaguzi. Ana siku kumi tu hapa, lakini huyo simtilii shaka. Alikuwa mwanafunzi wa mzee mwanzilishi wetu, miaka sita, kabla mzee hajafariki. Hebu kaa basi, unanizungusha kichwa."

"Nikikaa siwezi kufikiri."

"Na ukizunguka, mimi ndiye siwezi."

Mlango uligongwa na kufunguliwa kwa wakati mmoja. Aliingia mwanamume mtanashati, shati limenyooshwa, kikombe cha chai mkononi.

"Kumradhi kwa kuwakatiza. Mama, ningependa kufahamu iwapo ujenzi wa imeji utaanza saa sita kamili kama ilivyopangwa."

"Utaanza, Mkaguzi."

"Nashukuru sana." Alimgeukia Shemeji na kutabasamu. "Pole kwa kazi, fundi. Natumaini tatizo si kubwa."

"Gesi imepungua tu, bosi."

Macho ya Mkaguzi yalishuka mpaka kwenye viatu vyake vya michezo, yakakaa pale kidogo, yakapanda tena. Aliondoka na kufunga mlango taratibu. Shemeji hakuipenda ile taratibu.

Saa yake ya Casio ilisema saa tano na dakika thelathini na tatu.

"Mama, kama ningetaka kumuua mtu kwa pampu, ningegusa vifurushi vipi?"

"Vinavyohusu kipimo cha dawa. Sitini na vitatu. Nimevipitia mara mbili."

"Nisomee."

"Kwa sauti? Na muda huu tulionao?"

"Kompyuta siijui, Mama. Watu nawajua. Nisomee."

Mama Orodha alimtazama kama mtu aliyeletewa mganga badala ya fundi, lakini akaivuta orodha kwenye skrini na kuanza. Shemeji alisimama nyuma ya bega lake, akihama mguu hadi mguu, akiyafuata majina kwa macho.

"Kipimo-kuu. Mkondo. Kengele-ya-hewa. Kifunga-mrija. Betri. Latiba. Kumbukumbu-ya-muuguzi. Joto..."

"Rudi nyuma."

"Kumbukumbu-ya-muuguzi?"

"La kabla yake."

"Latiba."

"Mama, umesema latiba. Hapa pameandikwa ratiba."

Mama Orodha aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Alivua miwani, akaifuta kwa sweta, akaivaa tena. Herufi ilikuwa ileile.

"Siyo yetu hii," alisema polepole. "Yetu ni latiba."

"Lakini neno lenyewe si ni ratiba?"

"Neno ndiyo. Kifurushi hapana. Hiki cha ratiba kuna mtu amekiingiza ghalani." Mama Orodha sasa aliongea mbiombio. "Mzee wetu ulimi wake haukuwa na r. 'Mama, njoo halaka, tulekebishe latiba.' Tukamcheka mpaka basi, naye kwa ubishi akakiandika kifurushi hivyohivyo alivyotamka. Ndicho kinachoipangia pampu saa ya kutoa dawa na kiasi gani. Hapa hatusemi ratiba kabisa. Mgeni siku yake ya kwanza anaambiwa: choo kile pale, chai ile pale, na latiba haisahihishwi."

"Na nani aliisahihisha?"

Vidole vya mama vilikimbia kwenye vitufe. Mstari mmoja ukatokea.

"Mkaguzi. Ijumaa iliyopita, saa kumi na nusu jioni. Ameandika 'sahihisho la tahajia'. Na aliyepitisha ni..." Alisukuma miwani puani. "Ni mimi. Nilikuwa na mambo arobaini mbele yangu. Jicho limeona neno liko sawasawa, likapita. Ya Mungu wangu, nimepitisha mwenyewe."

"Utajilaumu baadaye, tutajilaumu wote wawili, mimi nina langu. Huyo bwana aliyekaa na mzee miaka sita..."

"Hajakaa naye hata asubuhi moja," alisema Mama Orodha. "Na habari ya latiba hatukumwambia, tukidhani anaijua."

Shemeji alifungua mlango. Kwenye meza ya Mkaguzi chai ilikuwa bado inatoa mvuke.

Kiti kilikuwa kitupu.

*

"Mjomba, tumempata mgeni. Aliyemwingiza ni Mkaguzi, shati jeupe, suruali ya bluu. Funga milango ya nje."

"Vijana wako dakika thelathini kutoka hapo."

"Thelathini ni nyingi."

"Ndizo zilizopo, Shemeji."

Kubadilisha herufi kulihitaji kushuka chini kabisa ya jengo. Mkaguzi alikuwa ameshazifungia nje kompyuta zote za juu kabla hajaondoka mezani, na muhuri wa imeji, kifaa kidogo cha chuma mithili ya ufunguo wa kabati, ulikaa ndani ya sefu ya chumba cha seva. Sefu ilichukua muda, kwa kuwa Mama Orodha kwa haraka namba alizikosea mara mbili. Mara tatu, na sefu ingejifunga hadi kesho.

Ya tatu alizipata.

Chumba kilivuma. Kabati nyeusi zilisimama safu kwa safu, zikipepesa taa za kijani. Mama Orodha alikaa mbele ya skrini pekee iliyokuwamo, akausimamisha ujenzi uliokuwa umepangwa, akaifungua orodha. Akafuta R.

Akaandika L.

"Saa tano na dakika hamsini na mbili," alisema. "Dakika ishirini seva ijenge, kisha ninapiga muhuri. Tutawahi."

Namba zilianza kupanda. Kumi na nane. Arobaini. Mia na tatu.

Mlango wa chuma nyuma yao ulilia *kachaa*.

Shemeji aligeuka, bastola yake ya Beretta mkononi. Mkaguzi alikuwa upande wa pili wa dirisha la mlango, kioo kinene cha kuzuia moto na risasi. Alikuwa na bastola ya Glock yenye kizuia sauti, na mkono wake wa pili ulikuwa kwenye boksi jekundu la ukutani. Alibonyeza kitufe cha kuongelea.

"Fundi wa viyoyozi mwenye viatu vya mbio. Mwenzako angalau alivaa buti alipochukua mlango wa kushoto."

Shemeji alisogea kuelekea kioo.

Mtu mmoja tu duniani, mbali na yeye na Binamu, alijua nani alichukua mlango upi. Sura iliyotafutwa na idara nzima ilikuwa ikimtazama kupitia dirisha, imenyolewa vizuri. Shemeji alishikwa na hasira ambayo hakuwahi kuwa nayo kazini, na alijua kwamba hasira ya namna hiyo huua mwenye nayo.

Mkaguzi aliuvuta mpini wa boksi.

King'ora kikalipuka. Sauti ya mashine ikaanza kuhesabu: *gesi ya kuzimia moto itatolewa baada ya sekunde sitini.*

"Ile gesi inafukuza hewa yote," alisema Mama Orodha. Hakuinuka kwenye kiti. "Tukishalala, ataingia airudishe herufi yake."

Shemeji alichomoa kiunoni kichupa cha hewa chenye kifuniko cha pua na mdomo, ukubwa wa kopo la dawa ya mbu. Dakika nne. Kilitengenezwa kwa mtu mmoja.

"Vaa, Mama."

"Na wewe?"

"Mimi siwezi kupiga muhuri. Hii sakafu inafunguka vipi?"

Chini ya vyumba kama hivi nyaya hupita kwenye uwazi, na vigae vya sakafu ni vya chuma, vya kunyanyuliwa. Mama Orodha alionyesha ukutani palipotundikwa kishikio chenye vikombe viwili vya mpira. Shemeji alikibana kwenye kigae cha nyuma ya kabati ya mwisho, mahali ambapo macho ya mlangoni hayakufika, akavuta.

Sekunde thelathini na nane.

Aliingia kwa tumbo. Vumbi, giza, mafungu ya nyaya yaliyomkwaruza mgongoni. Alitambaa kuelekea ukutani, akapapasa, akakuta tundu linalopitisha nyaya kwenda kwenye korido. Lilitosha kichwa. Kwa mabega alilazimika kutoa pumzi yote na kujipindapinda, na bega la kushoto likachanika ngozi. Beretta ilinasa kwenye waya. Aliiacha.

*Kumi. Tisa.*

Nyuma yake gesi ilifyatuka kwa mngurumo uliotikisa sakafu. Shemeji alikuwa ameshapita. Aliweka mgongo chini ya kigae cha korido na kusukuma.

Mkaguzi alikuwa amebandika uso dirishani akimtafuta ndani. Alisikia chuma kikikwaruza, akageuka upesi kuliko alivyotarajiwa, akafyatua. Shemeji alikiinua kigae mbele ya uso wake. Risasi ya kwanza ilikigonga. Ya pili ilikigonga na kuruka darini. Kabla ya ya tatu alikirusha, kilo kumi na mbili za chuma, na hakulenga kichwa. Alilenga miguu.

Mfupa ulisikika.

Jamaa alianguka kwa goti, Glock ikateleza sakafuni. Alipoinyooshea mkono, kiatu cha michezo kilimkanyaga kiganja. Ngumi moja ya shingo ikamaliza maongezi. Shemeji alimfunga mikono kwa ukanda wa plastiki wa kufungia nyaya, akamchomoa kadi mfukoni, akaipachika mlangoni.

Taa nyekundu. Akaigeuza. Kijani.

Ukungu mweupe ulimwagika koridoni. Alivuta pumzi, akaingia akiwa ameibana, na akamkuta Mama Orodha kitini palepale, kifuniko usoni, nywele zimesimama kwa upepo wa gesi, macho kwenye namba. Alipotaka kumvuta nje, mama alimpiga kofi la mkono kama anavyopigwa mtu anayedokoa jikoni.

Mama alitoka tu ukungu ulipokuwa umepungua, na alitoka kwenda kuchungulia aliyefungwa.

Mkaguzi alikuwa amezinduka. Mguu ulikuwa umekaa vibaya na jasho lilimtoka, lakini kilichomuuma kilikuwa kingine.

"Niliandika kwa usahihi," alisema. "Kamusi zote zinasema ratiba."

"Zinasema kweli," alijibu Mama Orodha. "Ila mzee wangu ungemjua, ungekosea."

Alirudi ndani. Elfu moja mia nne na kumi na mbili. Seva ikaomba muhuri. Mama Orodha aliuchomeka, akaushikilia kwa mikono miwili, na skrini ikabadilika rangi.

Saa sita na dakika kumi na tatu.

"Imekwenda," alisema, na hapo ndipo alipoanza kulia.

*

Vijana wa Mjomba waliwasili na kumbeba Mkaguzi kwa machela. Mmoja wao alimtazama Shemeji begani na kutaka kumfunga bandeji. Alikubali nusu ya bandeji, kisha akaondoka na ncha yake ikining'inia.

Nje jua lilikuwa la utosi. Aliiona Toyota, akaipita. Asingeweza kukaa ndani ya kitu kilichosimama kwenye foleni.

"Mjomba."

"Nipo wodini. Saa sita na dakika ishirini na saba. Ameishika chupa mpya."

"Nani?"

"Muuguzi, nani mwingine? Anafungua. Pampu imejizima."

Shemeji alitembea. Mtu mmoja alimsalimia, hakumwitikia. Orodha ilikuwa safi, muhuri ulikuwa halali, aliona kwa macho yake. Lakini alikuwa ameona kwa macho yake pia milango miwili inayofanana. Sasa aliogopa kweli, na hakujificha kwamba anaogopa.

"Mjomba, ongea."

"Skrini bado nyeusi. Subiri." Shemeji alihesabu hatua tano. "Subiri." Akahesabu tisa. "Imewaka."

"Inasukuma?"

Kulikuwa na mkwaruzo, mtu akiisogeza simu, na kisha sauti ndogo ikamfikia sikioni. *Tik.* Pumziko. *Tik.* Pumziko lilelile. Ilitoa kidogo, ikangoja saa yake, ikatoa tena.

Alipita duka la dawa, akapita shule, akavuka barabara bila kubadilisha mwendo, mkono mmoja mfukoni. Hospitali ilikuwa kilomita tatu mbele. Kwenye kona ya pili Mjomba alirudi hewani.

"Umesikia vya kutosha, Shemeji? Nikate?"

"Usikate," alisema. "Iache hapohapo mpaka nifike."